Kilicho Nyuma ya Tundu

Hesabu nyaya za kompyuta moja ya steshenari iliyo jirani na ofisi ya wilaya au geti la chuo. Kuna kibodi na kipanya. Kuna printa ya leza ya kazi nyeusi, na pembeni yake printa ya matangi ya wino kwa vyeti na picha za rangi. Kuna skana, kisoma kadi cha kuhamishia picha za pasipoti kutoka kwenye kamera, na diski ya nje inayotunza mafaili ya wateja. Kuna modemu ya siku ambazo mtandao wa waya umegoma. Pengine kuna kisoma alama za vidole, kwa kuwa mwenye duka ni wakala wa laini za simu pia. UPS nayo ina waya wake wa kuijulisha kompyuta kwamba umeme umekatika. Vyote hivyo vimeshachomekwa kabla mteja wa kwanza hajaingia na flashi mkononi, na kabla wa pili hajatoa simu yenye barua ya maombi ya kazi anayotaka ichapishwe sasa hivi kwa sababu dirisha la maombi linafungwa saa kumi.

Hapo mhudumu anainama chini ya meza kutafuta tundu. Anachomoa kimoja, anachomeka kingine. Mara nyingi kinachotolewa ni skana, na mteja wa tatu akifika na cheti cha kuzaliwa cha kuskaniwa, kuinama kunaanza upya. Foleni inarefuka. Mwenye duka ukimuuliza atakwambia kompyuta yake haina matundu ya kutosha, na hali hiyo hiyo utaisikia kwenye saiba za Nairobi, kwenye studio za redio za mitaani, na kwenye meza ya vijana wanaorusha ibada moja kwa moja mtandaoni kila Jumapili.

Mimi nasema kompyuta ya mezani ya kawaida, ile yenye kasha la wima ambalo wengi tunaliita sipiyu, ina matundu mengi kuliko inavyodhaniwa, na baadhi hayajawahi kuguswa tangu itoke kiwandani. Upungufu upo, tena mkubwa, lakini haupo kwenye idadi. Upo kwenye kile kilicho nyuma ya tundu: umeme unaotoka ni kiasi gani, njia ya data ina upana gani na inagawanywa na nani, na kama alama iliyochapwa pembeni yake inasema kweli. Kinachonisikitisha ni kwamba kompyuta mpya zinazoingia madukani zimeanza kupunguza hata ile idadi iliyokuwa ikitosha.

Chukua mashine ambayo msomaji wa Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa au Kampala huenda amekaa mbele yake bila kulisoma jina: Dell OptiPlex 7010, iliyotoka mwaka 2012. Kompyuta za aina hii zilinunuliwa kwa wingi na ofisi za Ulaya na Marekani, zikatumika miaka kadhaa, kisha zikauzwa kama zilizotumika na kufika Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, ndani ya makontena. Kasha lake kubwa lina matundu 10 ya USB: manne mbele na sita nyuma. Kati ya hayo, manne ni ya USB 3.0. Nyuma kuna pia tundu la serial lenye pini tisa, matundu mawili ya mviringo ya kibodi na kipanya vya zamani, tundu la VGA, mawili ya DisplayPort, la mtandao, na ya sauti. Ukiirudia ile orodha ya vifaa vya steshenari, utaona kwamba karibu vyote vinaenea. Kinachowabana watu ni kwamba meza imesukumwa ukutani, nyuma hakufikiki, na yale ya mbele tu ndiyo yanayopiganiwa.

Halafu kuna matundu yaliyofichwa. Ukifungua kasha la kompyuta nyingi zilizoundwa na mafundi wetu kwa kuunganisha vipande, utakuta juu ya mazabodi safu za pini zilizo wazi, pini tisa katika kila kundi. Kila kundi la namna hiyo linaweza kutoa matundu mawili ya USB 2.0. Kipo kibati chenye waya kinachofungwa kwenye nafasi ya kadi nyuma ya kasha, na kinakupa matundu hayo bila kununua kadi wala kuongeza programu yoyote. Makundi makubwa yenye pini 19 ni ya USB 3.0, nayo pia hutoa mawili. Fundi mzuri huyajua haya. Mnunuzi haambiwi.

Ili kuelewa kwa nini tumefika hapa, inafaa kukumbuka hali ilivyokuwa kabla. Hadi katikati ya miaka ya 1990 kila kifaa kilikuwa na tundu la umbo lake. Printa ilikwenda kwenye tundu pana la pini 25, na kiunganishi chake kilikazwa kwa skrubu. Kipanya kilikwenda kwenye tundu la pini tisa, au lile la mviringo lililoletwa na kompyuta za IBM PS/2 mwaka 1987. Baadaye likapakwa kijani, na mwenzake wa kibodi zambarau, ili watu wasibadilishe. Ukiongeza kifaa ulizima kompyuta kwanza, ukaichokonoa mipangilio, ukawasha, ukaomba Mungu. Printa ya pili ilihitaji kadi ya pili.

USB ilikuja kuondoa yote hayo. Toleo lake la kwanza lilitangazwa Januari 1996 na kundi la kampuni saba, zikiwemo Intel, IBM, Microsoft na Compaq. Mmoja wa wahandisi wanaotajwa sana katika kazi hiyo ni Ajay Bhatt wa Intel, mzaliwa wa India. Amewahi kueleza kwamba kiunganishi kinachoingia upande wowote kilifikiriwa, lakini kingeongeza nyaya na gharama maradufu, na wakati ule hakuna mtengenezaji aliyekuwa na hakika kama kitu chenyewe kitapokelewa. Kilipokelewa Agosti 1998, Apple ilipoanza kuuza iMac. Mashine ile haikuwa na tundu la printa la zamani wala sehemu ya diski laini. Ilikuwa na matundu mawili tu ya USB, na kibodi yake yenyewe ilikuwa na mawili mengine ili kipanya kichomekwe humo. Watengenezaji wa printa waliotaka kuuza kwa wenye iMac hawakuwa na njia nyingine ila kuhamia USB.

Kwenye karatasi, USB haiishiwi nafasi. Kidhibiti kimoja kinaweza kuhudumia vifaa 127, na unaweza kupanga habu tano moja nyuma ya nyingine. Hesabu hiyo ndiyo imewafanya wauzaji waseme kwamba tatizo la matundu lina dawa ya shilingi chache: nunua habu. Na watu wananunua, zile ndogo zisizo na adapta ya umeme, zenye matundu manne, saba, hata kumi.

Habu ni kama nyumba ya kupanga yenye bomba moja la maji: koki unaweza kufunga kila mlango, lakini asubuhi wapangaji wote wakifungua kwa pamoja kila mmoja anakinga matone. Tundu moja la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampea 500 kwa volti 5, yaani wati 2.5. La USB 3.0 hutoa miliampea 900, wati 4.5. Habu isiyo na adapta huchukua umeme wake wote kwenye tundu hilo moja. Kwa mujibu wa kanuni za USB 2.0, inajibakizia miliampea 100 kwa matumizi yake na kugawa 100 kwa kila kifaa, kwa vifaa visivyozidi vinne. Ndiyo sababu habu za mwanzo zisizo na adapta zilikuwa na matundu manne. Ile yenye matundu kumi unayouziwa leo bila adapta imevunja kanuni hiyo, na kompyuta yako ndiyo inayobeba mzigo.

Kibodi inaishi kwa miliampea 100 bila taabu. Kipanya pia. Diski ya nje yenye sahani zinazozunguka haiwezi. Inapoanza kuzunguka inahitaji umeme mwingi kuliko inapokwisha kushika kasi, na isipoupata hutoa mlio wa tik, tik, tik, ikajizima, ikajaribu tena. Naandika hili kwa mkazo kwa sababu nimeona watu wakiambiwa diski zao zimekufa, picha za harusi na rasimu za tasnifu zikitangazwa kupotea, kumbe diski ilikuwa na njaa. Kabla ya kumlipa mtu yeyote kwa kazi ya kuokoa data, ichomoe diski kwenye habu, au kwenye tundu la mbele lenye waya mwembamba mrefu ndani ya kasha. Ichomeke nyuma, moja kwa moja kwenye mazabodi, kwa kebo fupi. Ikitulia na kusomeka, nakili data kwanza kisha ufikirie mengine. Ikiendelea na mlio ule ule hata hapo, usiilazimishe.

Habu yenye adapta yake ndiyo inayostahili jina. Hata hapo pana la kuangalia. Baadhi ya habu rahisi hurudisha umeme wa adapta kwenye kompyuta kupitia kebo ile ile ya data. Dalili yake ni taa za kompyuta kubaki zinawaka hafifu, au feni kutikisika, wakati umeshaizima. Ukiona hivyo, habu hiyo haifai kwa mashine unayoitegemea.

Umeme ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni njia ya data, na hapa wanaoumia zaidi ni wale wa video. Kamera ya USB haifanyi kazi kama flashi. Flashi husubiri zamu yake. Njia ikiwa na shughuli, kunakili kunachelewa tu. Kamera inajiwekea nafasi mapema, kwa sababu picha iliyochelewa haina faida, na USB 2.0 hairuhusu zaidi ya asilimia 80 ya muda wa njia kushikwa kwa namna hiyo. Kamera mbili, kila moja ikiomba kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa, zinapita hapo. Kwa hiyo kanisa lililonunua kamera tatu za aina moja na kuzichomeka kwenye habu moja litaona ya kwanza inawaka, ya pili inakataa, na fundi anasema kamera ni mbovu. Si mbovu. Kila moja ipewe tundu lenye kidhibiti chake, au iamriwe itume picha iliyobanwa badala ya ghafi, nazo zitafanya kazi pamoja.

Kadi ya kuongeza matundu nayo inauzwa kwa maneno yasiyokamilika. Ile ya kawaida ina matundu manne ya USB 3.0, na kila tundu limeandikwa gigabiti 5 kwa sekunde. Nyuma yake kadi inaingia kwenye nafasi ndogo ya PCIe ya njia moja, ambayo kwa kizazi cha pili hubeba megabaiti 500 kwa sekunde. Hicho ndicho kiasi ambacho tundu moja tu la USB 3.0 linaweza kukijaza. Ukinakili kutoka diski moja kwenda nyingine kupitia kadi hiyo, zote mbili zinagawana. Kwa steshenari kadi hii inafaa sana, maana printa na skana hazina haraka. Kwa mpiga video aliyetarajia kuchomeka diski nne za kasi, pesa yake haitarudi.

Na kasi ina uzito katika maisha ya watu. Mpiga video wa harusi akifika studio na gigabaiti 64 za picha, tundu la USB 2.0 litamkalisha karibu nusu saa, kwa sababu kasi yake halisi ni kama megabaiti 35 kwa sekunde. Akiwa na diski ya SSD na tundu la USB 3.0 linalofanya kazi sawasawa, kasi ya megabaiti 400 kwa sekunde inapatikana, na kazi hiyo hiyo inaisha chini ya dakika tatu. Matundu yote mawili yanaweza kuwa kwenye kasha moja, sentimita mbili kati yao, umbo lile lile. Rangi ya buluu ilipendekezwa kwa USB 3.0 lakini haikulazimishwa, kwa hiyo wapo watengenezaji wanaotumia nyeusi kwa yote, na wapo wanaotumia nyekundu, njano au kijani kwa maana wanazozijua wenyewe.

Majina ndiyo yamezidi kuharibu. USB 3.0 ilitoka mwaka 2008. Mwaka 2013 ilipokuja 3.1, kile kilichokuwa 3.0 kikabatizwa USB 3.1 kizazi cha kwanza. Mwaka 2017 ikaja 3.2, na kitu kile kile kikabatizwa tena USB 3.2 kizazi cha kwanza. Tundu halikubadilika hata kidogo, kasi yake ni ile ile gigabiti 5, lakini muuzaji wa mwaka 2018 aliweza kuandika namba 3.2 kwenye karatasi ya bei bila kusema uongo wa kisheria. Mnunuzi aliyelipa zaidi kwa ajili ya namba hiyo alidanganywa, na sioni neno laini la kulieleza jambo hilo.

Tundu jipya la Aina ya C, lililotoka mwaka 2014, limeleta nafuu ya kuingia upande wowote. Limeleta pia giza zaidi, kwa kuwa umbo lake moja linaweza kubeba chochote kuanzia megabiti 480 hadi gigabiti 80 kwa sekunde, umeme wa wati chache au wati 240, picha ya skrini au hapana. Simu za iPhone 15 za mwaka 2023 zilikuwa na tundu hilo, lakini zile zisizo za daraja la Pro zilibaki na kasi ya USB 2.0, ya mwaka 2000. Ukiliangalia tundu kwa macho huwezi kujua.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likizungumzwa inavyostahili katika mazingira yetu, nalo ni kuchakaa. Tundu la kawaida la USB, lile la mstatili, liliwekewa kiwango cha chini cha kuvumilia kuchomeka na kuchomoa mara 1,500. Kwa ofisi ya mhasibu wa Ulaya inayochomeka flashi mara moja kwa siku, hiyo ni miaka minne. Sasa fikiria steshenari inayopokea flashi 30 kwa siku kwenye tundu lile lile la mbele: siku 50 zinatosha kulifikisha kwenye kiwango hicho. Mengi huvumilia zaidi ya hapo, lakini hali ya matundu ya mbele ya kompyuta za steshenari inajieleza. Yamelegea, flashi inabidi ishikwe kwa kidole ikae, plastiki ya ndani imekatika, na pini zinagusana pasipotakiwa. Pini ya umeme ikigusa ganda la chuma, kompyuta nzima inaweza kujizima, na bahati ikiwa mbaya mazabodi inaungua.

Dawa yake ni kebo fupi ya kurefusha, ya bei ndogo kuliko chakula cha mchana. Upande mmoja uchomekwe kwenye tundu la kompyuta na usiguswe tena. Upande wa pili ufungwe mezani, mbele ya mhudumu, na flashi zote za wateja ziingie hapo. Ikichakaa inatupwa, tundu la kompyuta limebaki salama, na mtu hainami tena. Kwa kebo hiyo moja, malalamiko mengi ya upungufu wa matundu yangepungua, kwa sababu matundu ya nyuma yangefika mezani.

Vifaa visivyo na waya vilitarajiwa kuliondoa tatizo hili. Vimelisaidia kidogo. Kipanya kisicho na waya huja na kipokezi chake, na kipokezi kinakaa kwenye tundu. Kibodi ya kampuni nyingine ina chake. Kompyuta nyingi za mezani zilizotumika hazina Bluetooth wala Wi-Fi, hivyo hizo nazo zinaongezwa kwa kichomeo. Ipo nafuu ukinunua kwa mpangilio: kipokezi cha Unifying cha Logitech, kilichotoka mwaka 2009, kinahudumia vifaa hadi sita kwa tundu moja.

Halafu kuna kipanya kinachorukaruka. Mwaka 2012 Intel ilichapisha waraka ulioonyesha kwamba vifaa vya USB 3.0 vikiwa kazini hutoa kelele ya redio katika masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo yanayotumiwa na vipokezi vya kipanya, Bluetooth na sehemu kubwa ya Wi-Fi. Diski ya nje ikichomekwa jirani na kipokezi, kishale kinakwama, kinaruka, kinapotea. Watu hubadilisha betri, hununua kipanya kipya, kumbe kilichotakiwa ni kukihamishia kipokezi upande wa pili wa kasha au kukitoa mbali kwa kebo ya kurefusha. Kompyuta yenye matundu mengi yaliyosambaa inakuruhusu kufanya hivyo. Ile iliyobana yote ubavu kwa ubavu haikuruhusu.

Nikifika kwenye vifaa vya zamani, nawafikiria zaidi watu wa maabara. Mashine nyingi za kupima damu, mizani za maghala, na printa za risiti za miaka ya nyuma zinazungumza kupitia tundu la serial la pini tisa. Mashine ya maabara hainunuliwi kila mwaka. Hospitali inaweza kuishi nayo kwa muda mrefu, na inategemea tundu hilo kupeleka majibu ya wagonjwa kwenye kompyuta bila mtu kuyaandika kwa mkono. Kompyuta mpya ikija bila tundu hilo, mtu ananunua kigeuzi cha USB sokoni. Vigeuzi hivyo vina chipu ndani, na chipu bandia zimejaa. Oktoba 2014 kampuni ya FTDI ya Uskoti, mtengenezaji mkubwa wa chipu hizo, ilitoa programu endeshi iliyosambazwa kupitia masasisho ya Windows. Programu hiyo ilipokutana na chipu ya kuiga ilibadilisha namba yake ya utambulisho ikawa sifuri, na kifaa kikaacha kutambuliwa. Baada ya makelele kampuni iliiondoa. Aliyeumia hakuwa mwigaji. Alikuwa mtumiaji ambaye hakuwa na namna ya kujua kilichomo ndani ya kigeuzi chake. Tundu halisi kwenye mazabodi halina hatari ya namna hiyo. Kompyuta za ofisi zilizotumika ambazo bado zinalo zina thamani kwa hospitali kuliko bei yake inavyoonyesha, na anayenunua kwa ajili ya maabara akumbuke hilo.

Kuhusu skrini na sauti sitakaa sana. Shule zenye projekta za VGA zinahitaji kigeuzi kwa kompyuta mpya, na kigeuzi cha HDMI kwenda VGA kiwe cha aina yenye chipu ndani, maana waya mtupu hauwezi kugeuza ishara hiyo. Hedifoni za simu zenye kipaza sauti zina kiunganishi kimoja chenye pete tatu, wakati kompyuta nyingi za mezani zimetenganisha tundu la kusikiliza na la kuongea; mwalimu anayefundisha mtandaoni anunue kigawanyo cha kutenganisha viwili hivyo, wanafunzi watamsikia.

Turudi kwenye zinazokuja. Ofisi nyingi sasa zinahamia kwenye kompyuta ndogo za mezani, zenye ujazo wa kama lita moja, zinazofungwa nyuma ya skrini. Hoja zake ni za kweli: zinakula umeme kidogo, hazina kelele, hazijazi meza. Kwa mtu anayeandika barua na kusoma barua pepe zinafaa. Lakini hazina nafasi ya kadi kubwa, kundi la pini la kuongezea halipo au halifikiki, na matundu ya USB mara nyingi hayafiki yale kumi ya OptiPlex ya mwaka 2012. Mac mini ya mwaka 2024 ina matundu matano ya Aina ya C, mawili mbele na matatu nyuma, na halipo hata moja la mstatili. Flashi ambayo mteja wa steshenari anakuja nayo haiingii bila kigeuzi. Thamani kuu ya kompyuta ya mezani, iliyoifanya iishi miaka hii yote licha ya kompyuta mpakato kuwa nafuu, ni kwamba unaweza kuiongezea kitu kadiri kazi inavyokua. Mtengenezaji anayeondoa safu ya matundu ili kasha lipendeze kwenye picha anamnyang'anya mwenye steshenari kile alichokuwa akilipia.

Shirika linalosimamia USB limeanza kurekebisha majina. Tangu mwaka 2022 linawataka watengenezaji waache namba za vizazi kwenye vifungashio na waandike kasi yenyewe: gigabiti 5, 10, 20, 40. Ni hatua njema, ila ni ya hiari kwa asiyetaka nembo rasmi, na haigusi makontena ya bidhaa zisizo na nembo yoyote. Shirika la Viwango Tanzania na Shirika la Viwango Kenya yana utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa kuja kwetu. Ningependa kuona habu, kadi na kompyuta zinazoingia zikitakiwa kuandikwa mambo mawili pembeni ya kila tundu, kasi na umeme, kama vile tunavyotaka balbu iandikwe wati zake. Habu ya USB 2.0 yenye matundu kumi isiyo na adapta iandikwe wazi kwamba yote kumi yanagawana miliampea 500.

Kwa sasa mnunuzi hana maandishi hayo, lakini ana haki ya kujaribu. Nenda dukani na diski yako ya nje, na kama una kazi ya video chukua pia kebo nzuri ya Aina ya C. Omba kasha ligeuzwe, hesabu matundu ya nyuma, kisha chomeka diski kwenye kila tundu la mbele na la nyuma na unakili faili moja kubwa, ukitazama megabaiti kwa sekunde zinazoonyeshwa kwenye skrini. Linalotikisika, linalozima diski, au lililoandikwa 3.0 lakini haliipiti kasi ya 2.0 kwa diski unayojua ina kasi, lihesabu kuwa halipo, na bei ipunguzwe kwa kadiri hiyo.